Wazee wa Ufagio

Ndugu msomaji, kilichonileta kwenye habari hii ni ufagio, wala sioni haya kukuambia. Nilikuwa mwanafunzi Glasgow, kule Uskoti. Karo ilikuwa imenikaba, kodi ya chumba nayo inanisubiri mlangoni, nikapata kibarua cha usafi wa jioni kwenye jengo moja la michezo nje kidogo ya mji. Ndani yake kuna ukumbi mrefu, baridi kama jokofu, na sakafu yote ni barafu. Siku ya kwanza naingia na ndoo yangu, nimevaa makoti mawili, nakuta watu wazima wanane, wengine mvi kichwa kizima, wameshika mifagio wanaisugua ile barafu kwa nguvu zao zote, na mwenzao mmoja kule mbele anawapigia kelele: "Fagia! Fagia!" Nikasema moyoni, jamani, kibarua chenyewe kumbe kina ushindani hivi?

Kumbe wanacheza. Tena wanalipa kwanza ndipo wacheze.

Mchezo unaitwa kelingi. Sijui niuelezeje kwa mtu aliyekulia Magomeni kama mimi. Fikiria jiwe la duara la granaiti, limepigwa msasa mpaka linang'aa, lina mkono juu kama wa birika, na uzito wake unakaribia ndoo ya maji ya lita 20. Sheria inasema lisizidi kilo 19.96. Mchezaji anapiga goti, anateleza nalo, halafu analiachia taratibu, huku amelizungusha kidogo. Jiwe linakwenda zake polepole, mita karibu thelathini, kuelekea pete zilizochorwa chini ya barafu. Linakwenda likipinda. Wenzake wawili wanalitangulia na mifagio: ukisugua, barafu inapata joto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na kupinda kunapungua. Timu ina watu wanne, kila mmoja anatupa mawe mawili, kwa hiyo mawe yote ni 16, na mwishoni anayetazamwa ni aliye karibu zaidi na kitovu. Barafu nayo si kioo. Huwa inanyunyiziwa matone ya maji yanayoganda yakawa vipele, kama ngozi ya mtu aliyesisimka. Bila vile vipele jiwe halifiki. Na kwa nini hasa linapinda upande ule linakozungukia, wataalamu wa fizikia mpaka leo wanarushiana maneno.

Palikuwa na mzee mmoja, miaka themanini na kitu, goti bovu, hachezi tena. Anakuja tu kukaa kwenye benchi na chai yake. Huku mtu wa umri ule unamwita kwa jina lake kavu, kama mnayecheza naye gololi. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee. Akaniuliza maana yake nini, nikamwambia, akalipenda, na kabla ya Krismasi ukumbi mzima ulikuwa unamwita Mzee, Waskoti watupu, kwa lafudhi yao hiyohiyo.

Basi bwana, klabu ikawa inaandaa siku ya wageni, wakataka karatasi moja ya kuwaeleza watu mchezo ulitoka wapi. Mzee akasikia kwamba naandika andika. Akanipendekeza. Unajua sisi tunaojifunza kuandika tulivyo: mtu akikuambia tu "andika", kichwa kinavimba. Nikaenda maktaba, nikashika kitabu cha kwanza kilichonijia mkononi, nikadesa kama nilivyodesa sekondari. Niliandika kwamba mchezo ulianza mwaka 1511, kwa sababu liko jiwe lenye mwaka huo. Nikaandika kwamba neno lenyewe, curling, lilichapishwa kwanza mwaka 1620. Nikatia na chumvi yangu kidogo kuhusu theluji, nikapeleka.

Mzee akaisoma yote, miwani kwenye ncha ya pua. Akanywa chai. Akaniuliza swali moja tu.

"Huyo aliyechonga 1511 kwenye jiwe, ulimwona akichonga?"

Nikadhani utani. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nikapanda treni hadi Stirling, kwenye jumba la makumbusho la Smith, kuliona. Jiwe lenyewe lipo kweli, na wanalihesabu kuwa la zamani kuliko mawe yote ya kelingi yanayojulikana. Lilitolewa kwenye bwawa lililokaushwa huko Dunblane. Na 1511 imechongwa, inasomeka. Nikasimama pale nikiwa nimeridhika, nikasema Mzee naye ana makuu. Halafu swali lake likaanza kunitafuna. Mwaka ukiwa umechongwa kwenye jiwe, maana yake kuna mtu, siku fulani, alikaa na patasi akachonga mwaka. Siku ipi? Mimi leo nikichukua patasi nikachonga 1498 kwenye kizingiti chetu cha Magomeni, Vasco da Gama atakuwa amelala kwetu? Na wapo wataalamu waliotazama zile herufi wakasema huenda zimechongwa baadaye sana kuliko mwaka zinaoutaja. Jiwe linaweza kuwa la kale na maandishi yakawa ya juzi.

Nikarudi maktaba. Safari hii ile kuu ya mjini, Mitchell, na sikwenda kudesa.

Nianze na 1620. Vitabu kadhaa vinasema mwaka huo, mjini Perth, ndani ya shairi refu la Henry Adamson. Nikamfuata Adamson. Shairi lake lilichapishwa Edinburgh, mwaka 1638, naye alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Mambo anayoyasimulia ni ya nyuma kidogo, nadhani hapo ndipo 1620 ilipochomoza, kisha mmoja akanakili kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, mpaka ikanifikia mimi na kalamu yangu ya haraka. Miaka 18 imepotea hivihivi, hakuna aliyejisumbua kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu chenyewe.

Cha pili kikanipendeza zaidi. Mji wa Paisley uko jirani na Glasgow, dakika chache kwa treni, na una abasia ya zamani. Karne ya 16 palikuwa na mthibitishaji wa hati aitwaye John McQuhin, mtu wa kuandikia watu mikataba ya mashamba na madeni, kwa Kilatini. Siku moja ya Februari akaingiza kwenye daftari lake jambo la ajabu. Mtawa mmoja, John Sclater, alirusha jiwe juu ya barafu mara tatu, akatamka kwamba yuko tayari kwa shindano walilokubaliana na Gavin Hamilton, mtu wa upande wa abate. Basi. Katikati ya mambo ya viwanja na urithi, mtawa na jiwe lake.

Sasa mwaka gani? Kitabu hiki kinasema 1540, kile 1541. Nikajisemea, haya, mwingine tena amenakili vibaya. Kumbe hapana, wote wako sawa. Uskoti ya wakati ule mwaka mpya ulianza Machi 25. Januari mosi waliifanya kuwa mwanzo wa mwaka kuanzia 1600. Kwa McQuhin, Februari ile ilikuwa bado 1540. Kwa hesabu yetu sisi ni 1541. Nilikaa na jambo hilo nikaona raha ya peke yake, kama mtu aliyepata chenji aliyodhani imepotea sokoni.

Nilipomweleza Mzee, akauliza, "Kwa nini mtawa aende kumwita mwandishi wa hati kwa ajili ya mchezo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. "Labda palikuwa na fedha," nikasema.

"Au maneno," akasema Mzee. "Watu hutafuta shahidi wakishajua kwamba kesho watakanushwa."

Kuhusu nani alianzisha, huko kuna vita ya kalamu ya miaka mingi. Mwaka 1811 John Ramsay alitoa kitabu kidogo, cha kwanza cha historia ya mchezo huu. Akayapekua maneno ya wachezaji, akaona mengi yana sura ya lugha za Bara, akaamua mchezo umetoka ng'ambo ya bahari, kule Uholanzi na Flandria. Wanaomuunga mkono wanakuonyesha michoro ya Pieter Bruegel Mzee ya mwaka 1565: wawindaji wanarudi kijijini kwenye theluji, na mbali chini watu wadogo kama sisimizi wanacheza juu ya mabwawa yaliyoganda, baadhi yao na vitu vyenye mikono. Lakini hata hivyo vitu watu hawakubaliani ni nini. Kule Bara kuna mchezo mwingine wa kutelezesha gogo lenye mpini. Mwaka 1890 akaja Mchungaji John Kerr, Mskoti wa kujivunia uskoti wake, na kitabu kinene. Akauliza: kama Waflandria ndio walioleta mchezo huu kwetu miaka ya 1500, mbona washairi na wanahistoria wetu hawakutaja kuletwa kwake kabla ya 1600?

Hoja hiyo niliisoma mara mbili. Kutotajwa ndio umekuwa ushahidi! Kwa kipimo hicho nusu ya watu wa ukoo wangu hawakuzaliwa.

Mengine nayapita haraka maana yameandikwa vizuri na hayana ubishi. Chama chao kikuu kiliundwa Edinburgh mwaka 1838. Mwaka 1842 Malkia Victoria alikuwa mgeni kwenye kasri la Scone. Barafu hakuna, wakamwonyesha mchezo kwenye sakafu ya ukumbi wa dansi iliyong'arishwa, mwaka uliofuata chama kikapewa ruhusa ya kujiita cha Kifalme. Montreal, huko Kanada, Waskoti walikuwa tayari na klabu tangu 1807. Mawe ya zamani hayakuwa na mkono. Yalikuwa na mashimo ya kuingiza vidole. Na husimuliwa kwamba wafumaji wa Darvel walikuwa wakifungua mawe mazito yaliyovuta nyuzi kwenye vitanda vyao vya kufumia, wanayatia mikono, wanakwenda kucheza. Hiyo ya wafumaji naipenda kuliko ya Malkia.

Mawe mazuri ya leo yanatoka kisiwa kimoja, Ailsa Craig. Nilikiona toka ufukwe wa Girvan: kama andazi kubwa limewekwa baharini, halina mtu, limejaa ndege. Hawalipui baruti pale. Wanaokota miamba iliyokwisha kudondoka, na si kila mwaka. Walichota 2002, kisha wakasubiri mpaka 2013. Granaiti moja ya kisiwa kile hainywi maji, kwa hiyo barafu haiwezi kuingia ikaipasua. Hiyo ndiyo inayowekwa chini, pale jiwe linapogusana na barafu. Ya pili inavumilia kugongwa, hiyo wanaifanya mwili.

Siku nyingine Mzee akanisimulia Februari 1979. Ziwa la Menteith liliganda, likaitishwa Shindano Kuu, Kaskazini dhidi ya Kusini, watu zaidi ya 2,000 wakicheza kwa wakati mmoja juu ya ziwa. Naye alikuwepo. Anasema kelele za mawe zilikuwa zinasikika chini ya miguu, kama gari linapita ardhini. Halijafanyika tena hadharani tangu siku hiyo. Mwaka 2010 ziwa liliganda tena, watu wakatia mawe kwenye magari, lakini masuala ya usalama na bima yakazuia. Mzee alikuwa amekwisha kulitoa jiwe lake stoo. Nikamwuliza ana picha ya 1979? Akasema hana. Nikanyamaza. Yeye hakuniuliza kama namwamini, nami sikuona haja ya kumwambia kwamba namwamini. Ilikuwa dhahiri.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa amani.

Ndugu msomaji, nina bibi, mama yake mama, yuko Korogwe. Tangu nikiwa mdogo anasimulia kwamba mwaka 1963, akiwa shule ya wasichana, alikuwa kwenye timu ya mpira wa pete, wakaenda kucheza na wanachuo wa ualimu, watu wazima na matiti yao, wakawafunga. Goli la mwisho kalitia yeye. Kila Idi lazima litasimuliwa, na kila Idi ukumbi mzima unacheka, kwa sababu bibi tunayemjua ana magoti ya kupandia kitanda kwa kusaidiwa. Idi moja, mimi ni kidato cha tatu na nimeshaanza kujiona msomi, nikamwambia mbele ya watu: "Picha iko wapi, bibi?" Watu wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka, akaenda jikoni. Idi iliyofuata hakusimulia. Wala ile nyingine.

Na ni mtu wa daftari kuliko wote ninaowajua. Aliuza vitumbua miaka 30, na deni la kila mtu liliandikwa: jina, siku, shilingi ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa anatuambia. Lakini goli lake hakuliandika popote. Nadhani hakujua kama ni mali.

Jiwe ambalo hajulikani nani kalichonga, nililiamini kwa kulisoma mara moja. Bibi yangu nilimdai picha.

Kilichonisukuma hasa ni habari ya wale wanne wa 1924. Mwaka huo, Chamonix, Ufaransa, ilifanyika wiki ya kimataifa ya michezo ya baridi, ambayo baadaye ndiyo ikaitwa Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi. Uingereza ilipeleka Waskoti wanne kucheza kelingi: Willie Jackson, mwanawe Laurence, Tom Murray, na Robin Welsh aliyekuwa na miaka 54. Waliifunga Sweden 38 kwa 7. Ufaransa, waliokuwa wenyeji, wakala 46 kwa 4. Wakarudi nyumbani. Halafu vitabu vikaanza kuandika kwamba kelingi ya Chamonix ilikuwa ya maonyesho tu, haihesabiki. Kitabu kimoja, kikanakiliwa na kingine, unaujua mchezo huo. Kelingi ikahesabiwa kuingia Olimpiki rasmi mwaka 1998, Nagano. Wanawake wa Uskoti walipochukua dhahabu Salt Lake City mwaka 2002, ikaonekana ni ya kwanza ya Uingereza katika mchezo huu.

Gazeti moja la Glasgow, The Herald, likakataa kumeza. Likapekua kumbukumbu za zamani, likapeleka hoja kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Februari 2006 Kamati ikajibu kwamba ni kweli: kelingi ya 1924 ilikuwa mashindano kamili, na dhahabu ni dhahabu. Miaka 82. Wote wanne walikuwa makaburini.

Nilisoma habari hiyo maktaba, nikafunga kitabu, nikatoka nje kwenye mvua. Nikapiga simu Korogwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nataka unisimulie ile mechi ya 1963."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Unataka kucheka?"

"Nataka kuandika."

"Unaandika wapi?"

"Kwenye daftari. Lile la kibarua, lakini nimeanza ukurasa mpya."

Nikamwuliza kama McQuhin angemwuliza. Mwezi gani? Akasema baada ya mvua za masika, kiwanja kilikuwa na tope upande mmoja. Kiwanja cha nani? Cha chuo. Mlikwenda na nini? Kwa miguu, viatu mkononi ili visichafuke. Mwamuzi nani? Mwalimu wa kike wa chuoni, akamtaja. Nani walicheza? Akataja majina sita bila kukwama, la saba likamponyoka, akalitafuta kwa sauti, akalipata. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa maktaba, daftari nimelifunika kwa koti, naandika.

"Mkawafunga ngapi?"

Akavuta pumzi.

"Mume wangu, kama unaandika kweli, andika sare. Kumi na moja kwa kumi na moja."

"Lakini bibi, siku zote ulisema mlishinda."

"Siku zote mlikuwa mnacheka. Sare ningewaambia mngenisikiliza?" Akanyamaza kidogo. "Ila goli la mwisho nililitia mimi. Sisi tulikuwa nyuma, nikasawazisha. Hilo usiandike kwa penseli."

Nikamwambia naandika kwa kalamu ya wino.

"Haya. Katika hao saba tumebaki wawili. Mwenzangu yuko Muheza, kwa mwanawe. Ukitaka shahidi mpigie yeye, nitakutafutia namba. Lakini umpigie asubuhi. Jioni hasikii."